Chumba Kisichoaga

Chumba kilipojibandua kutoka kwenye nyumba, Kibwana Mwinshehe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Hakusikia vishikizo vya chuma vikiachia ukuta. Hakuhisi sakafu ikiinuka upana wa kidole juu ya reli-sumaku, wala hakujua kwamba yeye na kabati lake na kandambili zake zilizokuwa chini ya kitanda walikuwa wameshaiacha Gairo na wanateremka kuelekea Morogoro. Bondeni Dumila vyumba vya Kilosa vilikuwa vinasubiri. Vikaungana, kimoja nyuma ya kingine, vikawa mkufu mrefu wa watu waliolala, na mkufu huo ukakata nyika kwa kasi ambayo mwewe angeitazama tu na kuiacha iende.

Kitanda kilimwamsha Kurasini. Kilianza kwa kumpasha nyayo joto, kisha kikainua mto taratibu, na sauti ya chumba ikasema, "Bwana Kibwana, kumekucha. Tumefika bandarini."

Akaoga, akavaa, akafungua mlango ambao jana aliufunga akiwa Gairo. Nje palikuwa na winchi, harufu ya mafuta na chumvi, na maroboti ya kupakua makontena yaliyopangwa mstari yakimngoja ayatie grisi viungo. Kibwana alikuwa fundi wa viungo vya maroboti, na kazi hiyo haifanyiki kwa simu. Roboti likiumwa goti, lataka mkono wa mtu.

Wataalamu walikiita chumba-safiri. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Dar es Salaam ilikuwa imepanda bei mpaka mtu wa kawaida hakuweza kununua hata ukuta mmoja, achilia mbali minne, na huko bara ardhi ilikuwa tele lakini mbali. Basi badala ya kumhamisha mfanyakazi kutoka kitandani na kumtia garini, wakaona heri wakihamishe kitanda chenyewe. Nyumba ilijengwa na chumba kimoja kinachotoka na kurudi. Asubuhi reli zote zilielekea pwani, kuanzia adhuhuri zikageuka kuelekea bara. Mwenye nyumba alilala kwake, akaamka kazini, na safari yote ikawa ndoto tu.

Kibwana alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Miaka yote ya ndoa yake waliishi Mbagala katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo ukitaka kugeuka ubavu lazima umwambie mwenzio. Sasa alikuwa na vyumba vitatu, jiko, ua wenye mchicha, na upepo wa milimani usiolipiwa ankara. Lakini bado nyumba haikuwa yao. Walikuwa katika mwezi wa kuonja, kama wenyewe wauzaji walivyouita, na mwezi huo ungekwisha Ijumaa. Siku hiyo mume na mke wote wawili walitakiwa kuweka viganja vyao kwenye ukuta wa sebule, ukuta uwatambue, na nyumba iwe yao. Kiganja kimoja kikikosekana, warudi Mbagala.

Cha Kibwana kilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Cha Siwema, mkewe, ndicho kilichomtia wasiwasi.

"Mama Zamda, umeamuaje?" alimwuliza Jumatano jioni, chumba kikiwa kimerudi na kujibandika mahali pake, nyumba imejifunga vizuri kama kopo.

"Tutaona, Baba Zamda."

"Tutaona nini na Ijumaa ni keshokutwa? Nyumba ina kasoro gani?"

"Nyumba nzuri," alisema Siwema, akaendelea kupakua wali.

Alijua hajajibiwa. Alikumbuka mkasa wa wiki ya kwanza, akadhani huenda kinyongo kimebaki. Usiku ule Siwema alikuja kulala naye, stori zikanoga, wakapitiwa na usingizi. Alfajiri chumba kikaondoka nao wote wawili. Siwema aliamkia Kurasini na kanga moja, makuli wa zamu wakipita dirishani, na chumba hakiwezi kurudi mpaka reli zigeuke. Alikaa humo kajifunika shuka, huku binti yao Zamda akilia peke yake Gairo, hadi jirani aliposikia akaja kumfungulia. Tangu hapo Siwema alilala na Zamda chumba cha pili. Watu waliocheka mkasa ule walicheka sana, na Kibwana mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Na wewe Zamda," alimgeukia binti yake ili abadili mazungumzo, "ndara zako zina matope kila siku. Unakwenda wapi?"

Zamda, aliyekuwa darasa la pili na mwenye pengo la meno mawili, alimtazama mama yake kwanza.

"Kwenye matuta ya vitunguu, baba."

"Kufanya nini?"

"Basi tu."

Kibwana akamwambia azioshe, na hayo yakaishia hapo.

Alhamisi bandari ilifungwa mapema. Ubongo mkuu wa winchi ulikuwa unafundishwa lugha ya meli mpya, na wakati wa somo hilo maroboti yote husimama kama wanafunzi walioadhibiwa. Kibwana akaona bahati imemwangukia. Akapanda chumba chake, reli zilikuwa zimeshageuka, na kwa mara ya kwanza akasafiri kurudi mchana akiwa macho. Hakupiga simu. Alitaka kuwashtukiza.

Chumba kilipanda mlima, kikapita matuta ya vitunguu, kikapunguza mwendo. Kisha kikasimama kabisa, hatua chache kutoka nyumbani.

"Samahani," ilisema sauti. "Siwezi kuingia. Kuna watu kinywani."

Kinywa ndilo jina la pengo ambalo chumba-safiri huliacha kikiondoka: paa juu, kuta pembeni, sakafu laini ya saruji yenye reli katikati, na upande wa mbele wazi. Kibwana hakuwahi kukiona kinywa cha nyumba yake. Kila kilipokuwa wazi yeye hayupo, na kila alipokuwapo kilikuwa kimezibwa na chumba chake mwenyewe. Akasogea dirishani.

Walitandika mkeka. Wanawake watatu wa jirani walikuwa wanachambua maharage kwenye ungo, mikono na midomo ikienda pamoja. Zamda alilala kifudifudi anachora sakafuni kwa chaki. Siwema aliegemea ukuta, miguu kainyoosha, na alikuwa anacheka kwa sauti, kile kicheko chake cha kujipiga mapaja. Kibwana akagundua kwamba hajakisikia tangu wahamie Gairo. Aliona wivu, na wivu wenyewe hakujua amwonee nani.

Katikati yao, juu ya kigoda kilichowekwa reli ikiwa katikati ya miguu yake, alikaa Bi Nyamizi. Huyu ndiye jirani aliyemfungulia Zamda mlango siku ile. Alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, na Kibwana Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo walikuwa watani, na mtani hakasirikiwi hata akifanya nini.

Kibwana alifungua mlango. "Hodi wenyewe! Bi Nyamizi, nipishe, chumba kinataka kuingia."

Bi Nyamizi hakuinuka. Alimwangalia juu mpaka chini.

"Huyu ni nani, jamani? Mnamjua?"

"Mtani, ni mimi. Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hii hatumjui. Nyumba hii ni ya Mama Zamda na upepo. Hapa pana nafasi tumeikuta wazi, tumekaa. Asiyekuwapo na lake halipo, Mzaramo. Rudi ulikotoka."

Wanawake wakaangua kicheko. Kibwana naye akacheka. Utani ndiyo raha yake.

"Haya, nitoze faini yako. Unataka kuku?"

"Kuku wako ana faida gani? Sitoki hapa mpaka unijibu swali. Mababu zangu walibeba mizigo kutoka Unyamwezi mpaka kwenu pwani kwa miguu. Wengine hawakurudi. Lakini hakuna hata mmoja aliyetoka kwake bila kuaga. Mke alimwaga, mama alimwaga, hata jirani mgomvi alimwaga. Wewe unaondoka vipi?"

"Mimi naondoka nimelala, mtani. Ndiyo teknolojia yenyewe."

"Ehee! Umelala chali, umefunikwa shuka, unatolewa nyumbani alfajiri, hujaaga mtu." Bi Nyamizi akageukia wenzake. "Sasa niambieni. Mtu wa namna hiyo anaitwaje?"

Kila mtu pale alijua anaitwaje. Mtani hata msibani ana ruhusa ya kumchezea maiti, seuze kumtaja, na wale wanawake wakaanza kucheka. Kisha wakaona Zamda ameacha kuchora, chaki mkononi, macho yamejaa machozi, wakanyamaza.

"Lakini sisi tunamwaga," alisema Zamda. "Kila siku tunamwaga. Mama, si tunamwaga?"

Kibwana alimtazama mkewe. Siwema aliufunika mdomo kwa upande wa kanga, kama mtu aliyefumaniwa.

"Vishikizo vikiachia tunaamka," alisema hatimaye. "Tunasimama hapa. Zamda anasema, 'Kwaheri, baba.' Ukuta unakwenda zake. Nilimwambia umelala, huwezi kujibu. Akasema basi tutasema kwa sauti zaidi."

"Kila siku?"

"Tangu siku ile nilipoamkia Kurasini, hatujaruka hata moja."

Kibwana aliketi kizingitini mwa chumba chake, miguu ikining'inia juu ya reli. Alijiona mjinga. Mwezi mzima alijisifu kwa wenzake bandarini kwamba yeye safari haijui, na kumbe safari ilikuwapo kila asubuhi, ila aliwaachia wengine.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Zamda?"

"Ulikuwa na furaha mno. Nikaona haya kukuharibia."

Bi Nyamizi, aliyekuwa amepata alichokitaka, akainuka na kigoda chake. "Mimi nakwenda kubandika ugali. Faini yangu, yule kuku, bado naidai."

Majirani wakamfuata mmoja mmoja. Siwema alikusanya maharage, na Kibwana, bila kuulizwa, akashuka kumshikia ungo.

"Kwa hiyo kesho turudi Mbagala?" aliuliza.

"Nani kasema?" Siwema alimpokonya ungo akauweka chini kwa kishindo. "Mbagala ya kugeuka ubavu kwa kuomba ruhusa? Nyumba naitaka, Baba Zamda. Hiki kinywa ndicho nakitaka zaidi. Hapa ndipo nimepata watu. Ninachokichukia ni saa chumba chako kinaporudi. Wewe unaingia, baraza linakufa, na alfajiri unatoka kama..." Hakulimalizia neno la Bi Nyamizi. "Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ya kwetu mlango wake ni wewe, na kila siku umelala."

Kibwana alizunguka chumba chake akikikagua kama roboti lililovimba goti. Nje, karibu na matuta ya vitunguu, reli ilikuwa na tawi fupi ambako vyumba vilioshwa mwisho wa wiki.

"Chumba," aliita. "Unaweza kulala pale kwenye maosho? Kila usiku?"

"Ninaweza," ilijibu sauti. "Lakini starehe yako itapungua. Utatakiwa kuamka gizani na kutembea nje. Gairo kuna baridi na umande. Mtengenezaji hapendekezi."

"Mtengenezaji ana mtoto?"

"Swali hilo sina jibu lake."

"Basi kalale kwenye maosho."

Ijumaa jioni walisimama mbele ya ukuta wa sebule. Kibwana aliweka kiganja chake. Siwema alijifuta mikono kwenye kanga, kwa maana ilikuwa na unga, akaweka chake. Ukuta ukawaka kijani na kusema hongera. Zamda naye akaweka kiganja, ukuta ukamwambia yeye bado mdogo, akauzomea. Kinywani mkeka ulikuwa umetandikwa, Bi Nyamizi ameleta karanga, na usiku Kibwana alilala chumba cha pili ubavuni mwa mkewe, wamebanana kama Mbagala.

Jumatatu aliamshwa na kiwiko cha Siwema, si na kitanda. Baridi ilikuwa kali kweli. Akavaa huku meno yakigongana, akanywa chai wima, akatoka kupitia kinywani. Siwema alimwekea kitambaa shingoni. Zamda alijikunyata ndani ya kanga, ndara miguuni.

"Kwaheri, baba!" alisema kwa sauti kubwa, ile ya kupenya ukuta.

Kibwana aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. "Kwaheri ya kuonana, mama. Jioni nitarudi."

Zamda alibaki kinywa wazi, pengo lote nje. Kisha akacheka.

"Nenda salama, Baba Zamda," alisema Siwema. "Ukifika utupigie."

"Maiti amefufuka!" ilisikika sauti ya Bi Nyamizi kutoka ng'ambo ya ua. "Jamani Mzaramo anatembea!"

Kibwana alimrudishia tusi la kiutani lisiloandikika, akapanda chumba chake. Kitanda kilikuwa kimeshajitandika na kujipasha joto. Hakulala. Alifungua dirisha, na chumba kilipoelea na kuanza kusogea aliwaona wawili hao wanapunga mikono.

Mara Zamda akaachia kanga na kuanza kukimbia. Alikimbia sambamba na reli, juu ya matuta ya vitunguu, ndara zikirusha matope, mkono mmoja juu, kwa ustadi wa mtu anayekijua kila kijishimo. Kwenye tuta la mwisho alisimama, hasa mahali pa kusimama, palipokanyagwa mpaka pakawa pagumu na vitunguu havioti tena.

Kibwana alitoa mwili nusu nje ya dirisha, akapunga mikono yote miwili, akaliita jina lake mpaka mlima ukamficha.