Mguu wa Kinyozi

Asubuhi hiyo kliniki ya kisukari ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Kinyozi alisimama kwenye foleni, shati jeupe limepigwa pasi barabara. Mwanamke mmoja alikuwa akipita na vikaratasi, suti ya michezo ya buluu mwilini, filimbi shingoni.

"Shika, kaka. Mazoezi ya wenye sukari, kila Jumanne na Ijumaa."

"Mimi nasimama kutwa nikinyoa watu. Hayo si mazoezi?"

"Nguzo ya umeme nayo inasimama kutwa. Ila yenyewe haina kitambi."

Foleni nzima ikacheka. Ijumaa Kinyozi akaenda.

Yule mwanamke wa filimbi, Kocha, alikuwa na desturi yake. Kabla ya mazoezi kila mtu alivua viatu na soksi, naye akakagua nyayo moja moja, maana ugonjwa huu hutia ganzi miguuni, mtu akachubuka asijue.

"Fumba macho," alimwambia Kinyozi. "Unasikia kidole changu?"

"Nasikia, kinanitekenya."

"Muongo wewe. Bado sijakugusa."

Mapenzi yakaanzia hapo. Saa sita mchana simu ikilia pale saluni, wateja walijua nani anapiga.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, sukari yangu."

"Jina gani hilo? Hiyo si ndiyo tunayoikimbia?"

Kitambi kikapungua, vipimo vikashuka, wakachumbiana. Kocha akamnunulia viatu vya mbio, vyekundu.

"Havikubani?"

"Vimenikaa kama nimezaliwa navyo."

Vilikuwa vidogo, na miguu yake haikumwambia. Tena tangu uchumba, Kocha alikuwa akiona haya kumshika mguu mbele ya watu. "Wewe pita," alimwambia siku ya kukaguliwa. "Nyayo zako nazijua."

Wiki ya tatu Kinyozi akavua soksi, akaona damu. Kidole cha mwisho kimechimbika, wala hakiumi. Akawaza: nikimwambia, atajilaumu kwa viatu alivyonunua mwenyewe. Akakifunga kwa kitambaa cha saluni, akasingizia kazi nyingi. Mazoezi yakampita, na kliniki pia.

"Kama umepata mwingine, niambie," Kocha alisema kwenye simu. "Mimi si mtoto."

"Sina mwingine, mama."

"Basi njoo Ijumaa."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Kinyozi akainama kukaza kitambaa kidoleni. Kocha akakata simu, akajiapiza hatapiga tena mpaka apigiwe. Siku tisa akavimba kwa hasira, na siku hizohizo mguu wa Kinyozi ukavimba.

Mwishowe aliyempigia Kocha ni dada yake Kinyozi. "Wifi, mdogo wangu kalazwa. Njoo tu."

Alifika mbio na suti yake ya michezo. Shuka lilikuwa limelala bapa chini ya goti la kushoto.

"Ni viatu?" akauliza.

Kinyozi alitafuta uongo wa kumpa, akaukosa. "Ni viatu. Lakini aliyeficha kidonda ni mimi."

"Na aliyeacha kukukagua ni mimi."

Wakalia pamoja, wakasameheana. Kocha akamlisha uji, akamfuta mdomo, akasema, "Harusi iko palepale. Nitakufundisha kutembea upya."

"Daktari amesema hata huu wa kulia damu haifiki vizuri."

"Tutautunza."

"Mpenzi, nikuulize. Utakaa nami kwa kunipenda, au kwa vile viatu?"

Kocha akafungua kinywa. Jibu lilikuwa rahisi, la neno moja tu, lakini alipolitafuta kila mahali alikuta viatu vyekundu. Akakaa akiuminyaminya mkono wa mchumba wake mpaka kengele ya kutoa wageni ikalia.

"Utakuja kesho?"

"Nitakuja," akasema, macho yake dirishani.

Kinyozi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayempa ruhusa.

Kesho yake dada alisogeza kiti karibu na kitanda, akakipangusa kwa upindo wa kanga, kisha yeye akasimama ukutani kumwachia nafasi wifi yake. Saa kumi wageni wakaingia, kila mmoja akaelekea kwa mgonjwa wake. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja kasorobo.

"Kaa wewe, dada," akasema Kinyozi. "Utaumia miguu."