Mjukuu Aliyevaa Koti Langu Mbele ya Jeneza

"Simama! Mwili haupite!"

Vijana sita walikuwa na jeneza la mama yangu mabegani, ndio kwanza wanatoka naye mlangoni. Mtu mmoja akaruka katikati ya njia, akatanua mikono. Uso wake mzima umepakwa unga wa mahindi, macho tu ndiyo yanaonekana.

Na alikuwa amevaa koti langu!

"Mwili haupite," akarudia, "mpaka Papa Séraphin aandike jina la mutoto wake!"

Watu wakacheka.

Ngojeni kwanza, ndugu zangu. Msinihukumu kabla sijamaliza. Nikimaliza, nihukumuni mtakavyo, sitajitetea.

Naitwa Séraphin, miaka hamsini na moja, naishi Panda, hapa Likasi. Ni karani katika ofisi moja ya serikali ambayo siitaji. Aliyepoteza karatasi za kuzaliwa anakuja kwangu. Naandika tarehe, naupulizia muhuri pumzi, haa! Napiga, paa! Amekwisha kuzaliwa.

Lakini kazi niliyoipenda hasa ilikuwa siasa.

Kila Jumamosi asubuhi tulikutana mbele ya meza ya muuza magazeti. Gazeti hatununui! Tunasoma kurasa za mbele bure, tumesimama, halafu tunabishana mpaka mate yanakauka. Watu wanatuita parlement debout, bunge la waliosimama. Mimi nilikuwa spika wao, ingawa hakuna aliyenichagua.

Tangu vita ya mashariki ichachamae, hoja yangu ilikuwa moja tu.

"Inchi iko na shaba, iko na cobalt, lakini haina jeshi ya nguvu. Ni nyumba ya tajiri bila mulango! Munalia serikali, munalia bageni. Hata salongo ya kusafisha avenue hamutoke! Nani hapa alitoa mutoto? Kila nyumba itoe mutoto mumoja!"

Makofi! Nilikuwa najirekodi, natuma kwenye magrupu ya WhatsApp. Sauti yangu ilifika mpaka Kolwezi. Kichwa kikavimba.

Jumamosi moja Papa Magloire, dereva mstaafu wa treni, mzee asiyependa kusemasema, akanyoosha kidole.

"Papa Séraphin, pardon. Kwako nani alienda?"

Nikakohoa.

"Kwangu... tuko natayarisha."

"Elikia?"

Elikia ni mwanangu, wa pekee. Ana miaka ishirini, yuko chuo kikuu Lubumbashi, anasomea uhandisi.

"Elikia iko na masomo," nikasema.

Jamani, walivyocheka! Kuna aliyeshikilia meza asianguke.

"Njo vile! Batoto ba bengine njo bakufe!" mmoja akapaza sauti. Ndiyo hivyo, watoto wa wengine ndio wafe!

Nilirudi nyumbani nikiwa nachemka. Nafungua geti, namkuta nani uani anaosha sahani?

Orpa.

Orpa ni mtoto wa marehemu dada yangu. Aliletwa kwangu akiwa na miaka tisa, nimemlea miaka saba. Binti mrefu, mabega mapana, mchapakazi. Nawaambia ukweli kwa sababu nimechoka kuuficha: niliutazama ule urefu wake, nikaona nimepata jibu la kumpa Papa Magloire.

"Orpa, unapenda inchi yako?"

"Oui, tonton." Ndivyo alivyoniita, mjomba.

"Jeshi iko natafuta bavijana ba nguvu. Hata babinti."

Akaacha kuosha.

"Tonton, minye niko na seize ans, kumi na sita tu."

"Age ni karatasi tu. Na karatasi, minye njo naandikaka."

"Niko na examen mwezi wa sita..."

"Inchi njo iko na examen sasa!"

"Tonton, niko naogopa."

"Woga njo inauzisha hii inchi!"

Hakubisha tena. Mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kutobisha kwenye nyumba inayomlisha, na mimi nililijua hilo vizuri sana.

Mke wangu Mathilde nilimdanganya kwamba msichana ameomba mwenyewe. Orpa nilimkanya asiseme vingine. Mathilde alilia siku mbili, kisha akamfungia mikate ya njiani.

Nilimwongezea Orpa miaka miwili na miezi mitatu, apite dix-huit, kumi na minane, umri wa jeshi. Ilinichukua dakika moja. Alhamisi akapanda lori pamoja na wenzake kwenda Lubumbashi. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Jumamosi nikafika kwenye magazeti kifua mbele.

"Kwangu Orpa alienda!"

Papa Magloire alinivulia kofia mbele ya watu wote. Furaha niliyoisikia siku ile naionea aibu hadi leo.

Ikapita miezi minane. Hakupiga simu wala kutuma ujumbe, na namba yake haipatikani. Wakiniuliza, najibu kwa sauti nzito, "Secret défense," yaani siri ya jeshi. Wanaitikia kwa vichwa.

Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Redio ikitaja mapigano, naizima. Ofisini akija msichana wa umri ule kuchukua karatasi, naharibu fomu. Niliogopa, ndugu zangu! Na bado Jumamosi nilikuwa naongea kuliko zamani.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mama yangu, Mama Henriette, ambaye wajukuu walimwita Kambo, yaani bibi, alikuwa anakaa Kambove. Nilikuwa naenda kumwona kwa pikipiki, ananipa chai, ananiuliza habari za kazi, basi. Kuhusu Orpa hakuniuliza hata mara moja. Nilidhani uzee umemsahaulisha mjukuu wake, na kwa kweli nilishukuru.

Halafu mama akafa. Presha. Asubuhi, akiwa anachambua maharagwe.

Sasa, kwa msiojua mila yetu, niwaeleze. Kwetu mtu mzima akifa, siku ya kumzika wajukuu ndio wenye ruhusa. Wanajipaka unga usoni, wanavaa nguo za watu, wanamwigiza marehemu na kuitania familia yake. Wanafunga njia ya jeneza mpaka wapewe wanachokitaka. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika! Ukimkasirikia mjukuu kwenye kilio, umejiaibisha mwenyewe.

Watu walijaa Kambove siku ile. Wa Likasi walikuja na basi, bunge langu lote, na Papa Magloire pia. Elikia alikuwa ametoka Lubumbashi. Jua lilikuwa kali, nikavua koti, nikalitundika kwenye kiti.

Mjukuu mmoja wa unga akaanza kumwigiza mama. Anatembea kwa kuchechemea, anawagombeza kuku wa jirani, anaficha sukari kwenye kitenge. Mama mtupu! Tulicheka na machozi yanatutoka. Nikasema moyoni, huyu ni Samy tu, mtoto wa kaka yangu, ndiye mwenye vituko kwenye ukoo.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa ndani ya koti langu.

Akakohoa. Kikohozi changu kabisa! Akainua kidole.

"Kila nyumba itoe mutoto mumoja!"

Wa Likasi wakalipuka kwa kicheko. Papa Magloire alikuwa anajishika mbavu. Hata mimi nikajilazimisha kucheka.

Kisha akatoa mfukoni kipande cha muhogo. Akakipulizia pumzi, haa! Akamvuta mjukuu mwenzake wa unga.

"Uko na miaka ngapi?"

"Seize!"

Akamgonga na muhogo kwenye paji la uso. Paa!

"Sasa uko dix-huit! Panda lori!"

Akamvuta mwingine, mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Weye?"

"Douze!"

Paa!

"Dix-huit! Panda lori!"

Kicheko kikaanza kupungua. Upande wa wanawake nikamwona Mathilde ameacha kulia, ananitazama.

Habari za ule muhuri zilijulikana na watu wawili tu duniani, mimi na Orpa. Nani alimwambia Samy?

Nikageuka kuelekea mlangoni maana jeneza lilikuwa linatoka. Na Samy yuko pale, mbele upande wa kushoto, amebeba jeneza!

Huyu wa unga ni nani basi?

Hapo ndipo aliporuka njiani, ile sehemu niliyoanzia. "Simama! Mwili haupite!"

Akaja mpaka mbele yangu. Akatoa karatasi nyeupe, na kalamu yangu mwenyewe kutoka kwenye koti langu mwenyewe.

"Andika: Elikia."

Elikia alikuwa amesimama karibu yangu.

"Papa," akaninong'oneza, "andika tu, ni mchezo. Kambo apite."

Kweli, ni mchezo. Karatasi haina muhuri, haina nembo. Naandika herufi sita, watu wanapiga vigelegele, tunaenda kuzika. Nikashika kalamu...

Nikashindwa.

Nawaapia, vidole vilikataa. Nilimwona Elikia ndani ya lori. Nilimwona kwenye matope ya mashariki na bunduki, na mimi naambiwa na mtu mwingine eti secret défense. Mkono ulioupiga muhuri wa Orpa kwa dakika moja ulishindwa kuandika hata E.

"Siwezi," nikasema.

"Mbona ya mwengine uliweza?"

Hakuna aliyecheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nausema msemo huo kila siku kuwasema wanasiasa, kumbe nilikuwa najisema mwenyewe!

Nikapiga magoti pale, mbele ya jeneza la mama.

"Minye njo niliandika," nikasema. "Orpa alikuwa na seize ans. Aliniambia anaogopa. Nilimulazimisha juu ya haya yangu, juu mulinicheka kwa magazeti. Kama alikufa, haiko vita ilimuua. Ni minye!"

Mathilde akapiga ukelele. Papa Magloire akanigeuzia mgongo.

Yule mjukuu akashika pindo la koti langu, akajifuta unga polepole. Paji la uso. Pua. Mashavu.

Orpa!

Nilitaka kumkumbatia. Akarudi hatua moja nyuma.

"Ulitoroka?" nikamwuliza.

"Sikutoroka. Balinirudisha."

Akasimulia pale pale, watu wote wanasikia.

"Kule Lubumbashi, capitaine alikuwa naita majina. Akasoma yangu. Minye nikasimama, nikanyoosha kidole kama kwa masomo, nikasema présente! Bengine bakacheka. Ye hakucheke. Akaniuliza, uko classe gani? Nikamujibu. Akatazama karatasi, akanitazama. Akasema, nani aliandika hii? Nikasema ni tonton yangu, ndugu ya mama."

Akaendelea.

"Akasema, basi usirudie kwa ule muntu. Uko na kambo? Njo akanitia mu bus ya kuya Kambove."

Ndugu zangu, jeshi nililotaka liwe na mkono wa chuma! Mimi niliyemlisha yule mtoto miaka saba niliuona urefu wake tu. Mwanajeshi asiyemjua alimtazama mara moja, akaona mtoto.

Miezi yote minane Orpa alikuwa kwa mama. Wakisikia pikipiki yangu, anavuka kwenda kwa jirani. Mtaa mzima ulijua! Na mama hakuwa amesahau kitu. Alikuwa ananipa chai na kungoja nifungue mdomo mwenyewe. Nilikunywa chai yake mara tano, sikufungua.

Orpa akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Akasogea pembeni.

"Sasa mupitishe Kambo."

Tukaenda kuzika.

Jumatatu nilimpelekea mkuu wangu barua, nikaandika kila kitu. Nimesimamishwa kazi. Kesi itafika wapi sijui, labda gereza la Buluo. Mathilde amehamia Kambove akae na Orpa mpaka mitihani iishe. Kwenye magazeti siendi tena. Nasikia wamepata spika mwingine, naye ana sauti kuliko mimi.

Mtaniuliza: Papa Séraphin, umebadili mawazo? Hapana. Bado naamini nchi hii inahitaji jeshi lenye nguvu, na bado naamini raia anayelalamika bila kujitoa ni mzigo. Ila vita ni ya watu wazima waliokubali wenyewe. Anayemtoa mtoto wa mwenzake ili apigiwe makofi si mzalendo, ni mwizi. Na wewe unayesoma hapa, unayetuma sauti za "vijana waende," hebu mtazame kwanza aliyelala chumba cha pili nyumbani kwako. Kisha uamue kama bado utazituma.

Wiki iliyopita nilienda Kambove na daftari kumi na mbili za Orpa. Alinifungulia mlango. Akazipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama tulivyomfundisha nyumbani.

"Merci, monsieur," akasema. Bwana, si tonton.

Akarudi ndani kusoma. Nikaurudisha mlango taratibu, nikawasha pikipiki.