Ulimi Ndani ya Diski

Kila yeye na karani wake waliporudi kutoka kula mchana, wakili aliikuta laptopu yake imelowa. Si maji. Ulikuwa ute mzito, wa vuguvugu, unaonuka kama kidonda kilichosahauliwa chini ya bandeji.

"Mwanangu, hii mashine umeilisha nini?" aliuliza shangazi yake, ambaye ndiye karani wa ofisi, amebana pua. "Inatoka udenda kama mtoto anayeota meno."

"Nifutie tu, shangazi."

"Nilifuta jana, chakula kikanishinda. Na uwe unaizima, usiifunike tu! Fundi alisema diski hujifunga yenyewe umeme ukikatika, lakini ukiifunika mashine inalala tu, diski inabaki wazi."

"Kuiwasha upya kunachosha. Na ina nywila, nani ataifungua?"

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na anwani ya mteja mmoja, mama aliyemkimbia mume aliyeapa kumchinja yeye na mtoto. Mume alimtafuta kwa ndugu na marafiki, akamkosa. Watu walinong'ona kwamba sasa anafuga jini.

Siku iliyofuata wakili alisahau pochi, wakarudi kabla ya kula. Harufu iliwapokea mlangoni. Kwenye kiti cha wakili kilikuwa kimekaa kitu chenye ngozi ya utumbo mbichi, kimeipasua laptopu tumbo, kimeivuta diski nje bila kuukata umeme wake, na pale ulipokuwa waya wa data kimechomeka ulimi, ulimi mrefu wa kijivu wenye vinyweleo, unaonyonya, unaonyonya, udenda ukichuruzika hadi kwenye zulia, huku kikisoma kwa sauti laini ya kitoto, kama kinachomsomea mtu aliye mbali: mtaa, jina la jengo, ghorofa ya tatu, chumba...

Kikamtazama wakili, kikacheka. "Hukuifunga. Uliilaza tu."

Shangazi hakungoja. Alizamisha mkono kwenye ule ute, akang'oa waya wa umeme wa diski. Diski ikanyamaza, ikajifunga. Ulimi ukajikunja, ukatema funza mezani, na kile kitu kikayeyuka, kikapenya chini ya dirisha.

Shangazi alitapika kwenye kapu la taka. Wakili akampigia mteja.

"Toka na mtoto sasa hivi! Kimejua jengo na ghorofa, bado namba ya chumba tu!"

Mnong'ono ukajibu:

"Nitokeje, dada wakili? Kuna mtu kwenye korido, sauti ni ya mume wangu, anagonga milango yote, mmoja mmoja. Sasa yuko kwa jirani."