Nyumba Moja Isiyopakwa Chokaa

"Nimeagiza kahawa mbili, bwana."

"Umeagiza mbili, dada, lakini mimi nimeona mtu mmoja."

Ornella akageuka kumtazama Cataldo, mchumba wake, aliyeketi ubavuni pake akiwa na mwili, kivuli na miwani ya jua. Kisha akamgeukia tena Mimmo, mwenye mkahawa, aliyekuwa akipangusa meza kwa utulivu wa mtu asiye na hatia yoyote.

"Na huyu je?"

"Yupi?" akauliza Mimmo, akaenda zake ndani.

"Cataldo, bwana huyu ana wazimu?"

"Ni mzaha wa huku. Kunywa hiyo, twende."

"Mzaha gani usiochekwa hata na aliyeufanya?"

Walikuwa wamewasili Serracalce asubuhi hiyo kutoka Torino, mji wa viwanda kule kaskazini, na arusi yao ilikuwa karibu. Cataldo hakutaka kuja. Ornella ndiye aliyeshikilia kwamba hataolewa na mtu kabla ya kupaona alipozaliwa. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kwa kuishi na wanaouliza "kwa nini" mchana kutwa, yeye mwenyewe alikuwa amezoea kutoliacha swali mpaka lizae jibu.

Juma lile lilikuwa la kupaka chokaa, kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu. Tangu langoni hadi kanisani juu kileleni, wanawake walikuwa ngazini na brashi zao, kuta ziking'aa hata macho yakauma, na bahari ikionekana kule chini ng'ambo ya mizeituni.

"Karibu, binti! Angalia isikudondokee!"

"Ahsante, mama!"

Kila ngazi ilimsalimu Ornella. Hakuna hata moja iliyomsalimu Cataldo. Bibi mmoja mnene, Filomena, alikung'uta brashi yake, na chokaa ikatua yote kwenye bega la kijana.

"Mama, umemmwagia mchumba wangu!"

"Nimeumwagia upepo, mwanangu. Upepo hauchafuki."

Cataldo akafuta bega, akaongeza mwendo. Lakini kwenye kona ya Kichochoro cha Tanuri Ornella alisimama. Katikati ya weupe ule palikuwa na nyumba moja ya kijivu, yenye michirizi ya mvua na kuvu ukutani.

"Kwa nini hii haikupakwa?"

"Sijui. Twende."

"Umezaliwa hapa, unajua mpaka majina ya paka, nyumba hii ndiyo huijui?"

"Ornella, jua ni kali."

"Jua linahusiana nini na swali langu?"

Cataldo akadai kichwa kinamuuma, wakarudi kwenye nyumba ya wageni, akajilaza na kuufunika uso. Ornella alimngoja atulie, akavaa viatu, akatoka peke yake.

Mlangoni pa nyumba ya kijivu aliketi mwanamke aliyevaa nyeusi tupu, akisuka kikalio cha kiti kwa nyasi zilizosokotwa. Jina lake lilikuwa Nunziata.

"Hodi, dada."

"Karibu. Vuta kiti. Si hicho, hicho bado kibichi."

"Nisamehe kwa udadisi wangu. Nyumba zote zinapakwa, hii haipakwi. Kuna msiba?"

"Upo."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Mchumba wangu. Asubuhi ya arusi yetu."

"Maskini! Ajali?"

"Tulidhani hivyo. Pikipiki yake ilikutwa ufukoni, imeegemezwa mwambani, ufunguo umo. Wanaume wakavuta nyavu baharini mpaka mikono ikachubuka. Padri akaamuru kengele ya msiba. Mimi nikavuliwa nyeupe, nikavikwa hii."

"Na mwili ulipatikana?"

Nunziata akakaza nyasi, akatabasamu upande mmoja.

"Ulipatikana. Ulipiga simu."

"Nini?"

"Ulimpigia shangazi yake. Uko Torino, umepata kazi kiwandani, unawasalimu wote."

Torino ina watu wengi, Ornella akajiambia. Na viwanda ni vingi. Hata hivyo hakuweza kunyamaza.

"Lakini kama yu hai, msiba ni wa nini?"

"Kengele ilikwisha kulia, dada. Kwetu kengele ya msiba haitenguliwi. Bibi yangu alisema, 'Tumemlilia, tumemwombea, tumekula chakula cha matanga. Marehemu hapigi simu.' Mji mzima ukasema amina. Tangu siku hiyo hata akipita mbele yetu hatumwoni, na jina lake halitajwi. Nami nilikuwa na hasira, nikafurahi. Nilidhani ni adhabu yake. Kumbe ni yangu."

"Kwa vipi?"

"Msiba hufungwa na jamaa wa marehemu. Wao ndio waletao chokaa ya kwanza. Jamaa zake waliona haya, wakahama wote. Na mwanamke wa nyumba yenye msiba haposwi. Kuna mtu angenioa. Kila mwaka, juma kama hili, ananitazama, namtazama, na ukuta unatutazama sote wawili."

"Si upake mwenyewe!"

"Nikipaka mwenyewe, nimetangaza kwamba mji mzima ulilia machozi ya uongo. Hapa watu husamehe wizi. Hilo hawasamehe."

Simu ya Ornella ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Cataldo: *Uko wapi mpenzi? Nimeshafunga mizigo. Basi la alasiri tutaliwahi. Tuondoke, nakuomba.*

"Nani huyo?" akauliza Nunziata.

"Mchumba wangu."

"Anaitwa nani?"

Ornella akaifunika simu kwa kiganja. Nunziata akaitazama pete yake, akautazama uso wake, na mikono iliyokuwa haijatulia tangu mwanzo ikatulia.

"Ahaa. Walisema kuna msichana anatembea na upepo."

Ornella akaandika: *Niko kwa mjane wako.*

Simu ikaita papo hapo.

"Ornella, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Ilikuwaje?"

"Niliamka nikasikia tarumbeta za bendi zikijaribu nyimbo za arusi. Nikayaona maisha yangu yote mpaka kaburini. Nikateremka kwa pikipiki hadi ufukoni kupunga hewa tu. Nilikusudia kurudi kabla ya misa. Nikapita kituoni, treni ikaja."

"Treni huja kila siku, Cataldo. Haimchukui asiyepanda."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Baada ya kumbatiza mtoto wa tatu?"

"Sikupigii kelele," Ornella akaendelea. "Nauliza jambo moja. Asubuhi ya arusi yetu, nitajuaje kwamba utakuwapo?"

"Ornella..."

"Usinijibu kwa mdomo. Basi lipo. Panda, au usipande. Nitalipata jibu kwa miguu yako."

Akaikata simu.

"Unalia?" akauliza Nunziata.

"Ndiyo."

"Lia basi. Mimi nitasuka."

Wakakaa hivyo, mmoja akilia na mmoja akisuka, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Honi ya basi ikasikika langoni mwa mji. Ikasikika tena. Kisha mngurumo ukateremka kuelekea pwani, ukapotea.

Hapo ndipo kelele za ngazini zilipokatika. Kutoka chini ya kichochoro alikuwa akipanda Cataldo, ndoo ya chokaa mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili, brashi kwapani, shati limegandamana na mgongo kwa jasho. Nyuma yake walifuata watu kwa hatua chache, na Mimmo miongoni mwao, aproni yake bado kiunoni.

Cataldo akaziweka ndoo chini mbele ya nyumba ya kijivu.

"Najua hunioni," akasema. "Basi nisikie. Sikufa. Niliogopa. Nilikuacha uvae nyeusi kwa sababu ya uoga wangu. Na niliposikia kwamba mmenizika, Mungu anisamehe, nilishukuru. Mtu aliyezikwa haulizwi neno."

"Mshenzi!" ikatoka sauti ngazini.

"Nyamaza, Filomena! Marehemu anasema!" ikamkemea sauti nyingine.

"Jamaa zangu hawapo tena hapa," Cataldo akaendelea. "Hakuna wa kuileta chokaa ya msiba wangu. Nimeileta mwenyewe."

Nunziata akakiweka kiti pembeni, akasimama. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Cataldo."

Kichochoro kizima kikashusha pumzi. Jina lilikuwa limetajwa.

"Naam."

"Umeota mvi."

"Ndiyo."

"Ungeniambia usiku wa kuamkia siku ile. Ningekutupia kiti, ningelia mpaka Pasaka, yangekwisha."

"Najua. Nilikukosea, Nunziata. Wewe na mji wote."

Mwanamke yule akaisogeza ndoo ya maji kwa mguu.

"Lowesha ukuta kwanza. Chokaa haishiki pakavu. Miaka ya Torino imekusahaulisha hata hilo?"

Cataldo akapaka mchana ule wote uliobaki, wala hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa haikumpasa mtu kumsaidia. Mkono wa mwisho wa chokaa ulipokauka, Mimmo alivua aproni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nunziata, sasa..."

"Sasa nini?"

"Unajua nimengoja."

"Sijasema ndiyo, Mimmo. Nimesema ukuta umepakwa. Nenda kanyoe ndevu, urudi uniulize kama waulizavyo watu."

Mimmo akateremka kichochoro akikaribia kukimbia, na wanawake wakacheka mpaka ngazi zikayumba.

Cataldo akaja mbele ya Ornella, viganja vikiwa vyekundu kwa kuungua na chokaa.

"Sikupanda basi."

"Nimeona. Jibu la leo nimelipata. La asubuhi ya arusi bado."

"Nikuapie?"

"Kiapo kiliandaliwa hapa hapa, ukakikimbia. Niambie ukweli. Unaniogopa?"

Cataldo akafikiri. Zamani angejibu haraka.

"Sana," akasema. "Tangu Torino. Kila unapozungumza juu ya ukumbi na wageni, natafuta mlango kwa macho. Nakupenda, na naogopa. Vyote viwili."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani anayependa haogopi."

"Nani alikufundisha upuuzi huo? Mimi mwenyewe silali!"

Ornella akacheka huku machozi yakimtoka, akachukua simu, akampigia mama yake.

"Mama, sitisha ukumbi... Hapana, hatujaachana... Gauni, fundi aendelee kulishona, lakini aweke kitambaa kizito, huku juu kuna upepo... Ndiyo, arusi itakuwa huku, zeituni zikishavunwa. Kwa sababu huku ndiko alikoikimbia, mama."

Ornella akarudi Torino kwa watoto wake wa shule. Cataldo akabaki Serracalce, akavuna zeituni za watu pamoja na wale wale waliovuta nyavu kumtafuta, na nyumba kwa nyumba akaomba radhi. Wengine walimfungulia mlango. Wengine walimfungulia siku nyingine. Asiyeweza kusema "nimekosa" mbele ya jirani zake hana la kuapa mbele ya madhabahu. Hilo si la Serracalce peke yake.

Asubuhi ya arusi ilikuwa ya Januari, upepo wa kaskazini ukipiga miluzi vichochoroni. Ornella alikuwa bado na pini za nywele mdomoni, shangazi zake wakimzunguka, simu ilipotetemeka juu ya kitanda. Akaichukua.

*Niko mlangoni pa kanisa. Mtunza kanisa hajaamka, mlango umefungwa. Nimeketi kwenye ngazi. Naogopa. Nipo.*