Kitita cha Kumkomoa Jemadari

Kila siku akitoka shule, Kiberiti alikwenda moja kwa moja saluni kwa mama yake. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na kiti cha wateja, akaanza kuchambua nywele za bandia na kumpa mama kidogo kidogo. Wateja ndio waliompa jina hilo. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini ukimgusa tu, anawaka.

Kazi ikipungua, aliruhusiwa kushika simu ya mama na kucheza Ngome. Huo ni mchezo wa karata wa kwenye simu. Kila mchezaji huchagua karata zake na kuziunganisha kuwa kitita kimoja, kisha hukitumia kubomoa ngome ya mwenzake. Moto huunguza wadudu, wadudu hula mimea, mimea hunywa maji, na maji huzima moto. Hakuna karata isiyo na kiboko chake.

Siku moja alifika amenuna.

"Leo nani kakuwasha?" mama aliuliza, vidole vikiendelea kusuka.

"Jemadari."

"Jemadari wa jeshi gani tena?" mteja aliyekuwa akisukwa alidakia.

"Hana jeshi lolote! Ni kiongozi wa klabu ya kompyuta. Jumamosi kuna mashindano ya Ngome, na atakayeshinda ataiwakilisha shule yetu. Nimemwambia nataka kucheza, akasema mimi nibaki kuandika matokeo kama kawaida yangu, maana mwandiko wangu ni mzuri."

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu. Nimekwenda kwa mwalimu nikajiandikisha."

Mama alitabasamu. "Umejiandikisha kucheza au kugombana?"

"Vyote viwili."

Kwa kuwa alikuwa ameandika matokeo ya klabu muhula mzima, Kiberiti alimjua Jemadari vizuri. Alijua kwamba anapenda moto na kwamba hana subira. Basi akaanza kuunda kitita cha kumkomoa. Aliingiza mvua, mto, mafuriko na kila karata ya maji aliyokuwa nayo. Kila jioni alimwonyesha mama jinsi moto wa Jemadari utakavyozimika.

"Na hao wengine?" mama aliuliza.

"Wengine gani?"

"Utakaocheza nao kabla yake."

"Hao si tatizo, mama."

Jumamosi, chumba cha kompyuta kilijaa. Vishikwambi vya shule vilipangwa juu ya meza, na nyaya za chaji zilitapakaa sakafuni. Mwalimu wa kompyuta alieleza kanuni. Kabla ya kila mechi, mchezaji anaweza kubadilisha karata zake kwa siri. Anayeshindwa mara mbili anatoka, ila fainali ni mechi moja tu.

Mpinzani wa kwanza wa Kiberiti alikuwa msichana wa darasa la chini yake aliyeitwa Panzi, kwa sababu hakuweza kutulia kwenye kiti. Kitita chake kilikuwa cha wadudu watupu. Kiberiti nusura acheke.

Lakini hapakuwa na moto wa kuzima. Mvua ilinyesha bure, mto ukapita bure, na mafuriko yakakaa mkononi kama mgeni asiyejua pa kukaa. Mchwa wa Panzi walitafuna ngome taratibu mpaka ikaanguka.

"Jamani, kiberiti kimelowa!" Jemadari alipaza sauti. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Kiberiti alitoka nje mpaka kwenye bomba, akanawa uso. Alitamani kwenda nyumbani. Lakini akiondoka, Jemadari atasema nini? Mawazo hayo yalimrudisha ndani. Akamtafuta Panzi.

"Niambie umenishindaje."

Panzi alimtazama kwa mashaka, akidhani anataniwa. "Mimi nilikuwa nacheza tu, dada. Wewe ndiye hukuwa unacheza na mimi. Kila saa ulikuwa unamwangalia Jemadari kule."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko, kwa kuwa yalikuwa kweli. Wiki nzima alikuwa amejiandaa kwa mtu mmoja.

"Basi nifundishe hao wadudu," alisema.

"Usiwatoe mapema," Panzi akamwambia. "Ngoja meza ijae chakula."

Kiberiti alipunguza maji, akachanganya karata za kila aina. Mechi iliyofuata hakumtazama mtu mwingine isipokuwa aliyekaa mbele yake. Akashinda. Akashinda tena, kwa taabu. Panzi naye alitolewa, na hatimaye wakabaki wawili: Kiberiti na Jemadari.

Kabla ya fainali Kiberiti alifikiri. Jemadari aliona maji yake asubuhi. Hakika atakuja na mimea ya kuyanywa yote, ili amwaibishe mbele ya watu. Kiberiti aliondoa kila tone la maji, akajaza wadudu.

Panzi alishika kichwa. "Na akija na moto wake?"

"Nitaungua. Lakini nitaungua nikicheza."

Jemadari hakuja na moto. Karata yake ya kwanza ilikuwa mbuyu. Kiberiti alishusha pumzi, akaanza kutoa wadudu mmoja mmoja. Jemadari alikunja uso. Wakawa wanakaribiana, ngome zote mbili zikiwa na nyufa, na hakuna aliyejua nani atatangulia kuanguka.

Ghafla kishikwambi cha Jemadari kiliganda. Mtandao ulikatika. Kwenye kioo cha Kiberiti yakatokea maandishi: *Mpinzani ametoka. Umeshinda.*

Watu walipiga kelele. Panzi alirukaruka. Mwalimu alikagua vishikwambi vyote viwili, akasema, "Kanuni ya mchezo ni kwamba anayetoka ameshindwa. Hongera, binti."

Jemadari alikuwa bado anabonyeza kioo kilichoganda. 

"Siutaki," alisema Kiberiti.

"Huutaki nini?"

"Ushindi huu, mwalimu. Nataka kumshinda yeye, si mtandao wake. Tuanze upya."

"Nyamaza wewe!" Panzi alimnong'oneza.

"Unaelewa kwamba ameshaziona karata zako?" mwalimu aliuliza.

"Na mimi nimeziona zake. Tucheze na hizi hizi."

Jemadari aliinua uso. "Usinionee huruma."

"Huruma ipi? Wiki nzima nimekuandalia kipigo, halafu niende nacho nyumbani?"

Hata mwalimu alicheka. Mechi ikaanza upya.

Safari hii Jemadari alicheza kwa uangalifu, akitoa mmea mmoja mmoja ili wadudu wakose cha kula. Ngome ya Kiberiti ilibomoka upande mmoja, kisha wa pili. Alikuwa na karata ya nzige mkononi tangu mwanzo, lakini aliishikilia. "Meza haijajaa," alijiambia. Mwishowe Jemadari alishindwa kuvumilia, akapanda miti yake yote kwa pamoja ili ammalize.

Kiberiti akaachia nzige.

Nzige walipomaliza kula, hapakubaki jani hata moja. Ngome ya Jemadari ikaanguka, na chumba kikalipuka kwa shangwe.

Jemadari akampa mkono. "Umenishinda kweli. Na yale niliyosema ya kuandika matokeo... nilikosea."

"Ulikosea sana," alijibu Kiberiti, akaupokea mkono wake.

Mwalimu aliwasogelea. "Binti, sikulaumu kwa kumkatalia mtu anayekudharau. Ulifanya vizuri kukataa, na usiache kukataa. Lakini asubuhi ulikuja na hasira peke yake, na hasira ilikufanya umwone mtu mmoja tu. Ulianza kushinda ulipokubali kufundishwa na mdogo wako. Na ulipokataa ushindi wa bure, hata huyu uliyemshinda amekuheshimu. Yashike hayo. Huko tunakokwenda utayahitaji."

"Ndiyo, mwalimu." Kiberiti aliwageukia Panzi na Jemadari. "Jumatatu mje hapa nyote wawili. Nahitaji watu wa kunishinda kabla sijakutana na shule nyingine."

"Mimi nitakushinda bila hata kujaribu," alisema Jemadari.

"Njoo tuone."