Sezoni ya Ine Iliita Majina

Hapa Likasi, ukitafuta muntu mwenye anajua film za bashujaa kunipita minye, utatembea mpaka Kambove na utarudi na vumbi tu ku viatu. Masomo niliacha mu mwaka wa pili wa sekondari, kweli, lakini vipindi vya Bwana Radi navijua kimoja kimoja, mpaka rangi ya soksi zake. Minye njo Merdi, wa taxi-moto, pikipiki nyekundu. Ukisikia bantu banasimulia hii mambo wakisema ilifika kwa jirani ya jirani, uwaache na uongo wao. Ilifika kwetu, kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa Christiane, saa tisa ya muchana, jua likiwaka.

Siku ya posho, ile bengine wanaita Jumamosi, kartie yetu, mutaa yote, ilikuwa inaingia kwa Kassim. Kassim iko na chumba kimoja, benchi sita, televizyo moja, na spika kubwa amefunga inje juu ya mlango ili hata mwenye hakulipa asikie na kutamani. Film inasema kizungu chake, na Papa Firmin, muzee mwenye alipumuzika kazi ya kiwanda, anakaa pembeni na mikro anatuelezea kwa Swahili.

Majina ya mu film yalikuwa hayaingii mu kinywa ya muntu. Basi Papa Firmin alikuwa anabatiza bale bantu na majina yetu. Fundi wa Bwana Radi, mwenye kumutengenezea nguo ya chuma, aliitwa Gaston, sawa Gaston wetu wa kuziba pine za pikipiki mu kona. Dada ya Bwana Radi aliitwa Christiane. Na Bwana Radi mwenyewe? Merdi. Nilimusumbua muzee juma mbili nzima mpaka akakubali, na sina haya kusema.

Ilikuwa na sheria moja. Kipindi kikianza, Papa Firmin anataja majina, na mwenye jina anajibu kama mu darasa: présent, niko hapa. Usipojibu, benchi zote zinakucheka mpaka juma inaisha. Minye mwenye nilikuwa naruka dirisha mwalimu akianza kuita majina, pale kwa Kassim sikukosa hata mara moja. Yaya Christiane, nyumba yake imeshikana na ukuta wa Kassim, alikuwa anajibia dirishani, bila kusimamisha machine yake ya kushona.

Gaston alikuwa anajibu na mukono wa kushoto juu, bidole bine, kwani cha tano kilibaki mu jeki zamani. Nilikuwa namuita Quatre, ine ya kifaransa. Yeye ananirushia maji ya beseni yake, ile ya kutafutia tundu za pine, na tunacheka.

Sezoni tatu za kwanza, nakuambia, zilikuwa kazi ya bantu bazima. Mu sezoni ya pili alikufa muntu mumoja tu, na vipindi vitatu vyote vilikuwa vya kumulilia. Mama Martine wa mikate alikaa na kitambaa ku macho kama ni ndugu yake.

Sezoni ya ine ikafika. Kassim aliileta toka Lubumbashi ndani ya flash. Uchafu. Bwana Radi mwenye alikuwa anakamata radi na mukono mutupu, sasa anakaa mu jikoni kulalamika. Nguo yake baliibadilisha, akawa sawa kasuku. Adui mwenye tulizika sezoni ya kwanza akarudi, hakuna aliyeeleza. Lakini ile ilinikasirisha zaidi ni kufa. Bale banaandika walichoka na bantu babo. Muntu tumemupenda miaka mitatu anakufa mu dakika moja, hakuna kaburi, hakuna mwenye kutaja jina lake tena. Wanafagia tu.

Wa kwanza kufagiwa alikuwa fundi. Mu kipindi cha kwanza, spika iliita Gaston, na Gaston wetu, karanga mu kinywa, akainua bidole bine akasema présent. Kisha ule wa mu film akafungiwa mu chumba, maji yakajaa. Basi.

Siku ya kazi ya kwanza, Jumatatu, tulimukuta Gaston mu kona, amekufa, amekaa ku kiti chake, kichwa wima. Hospitali walisema mapafu yamejaa maji. Ilikuwa kiangazi, miezi miwili bila tone. Beseni yake ilikuwa kavu, imepasuka chini.

Kipindi cha ine, muke mumoja wa mu film alinyang'anywa sauti. Jina lake Martine. Mama Martine alijibu. Mpaka leo anauza mikate kwa kuonyesha bidole.

Pale njo nilianza kuhesabu. Kassim alikuwa amechungulia vipindi vya mbele, nikamuuliza nani anafuata. Akaniambia kipindi cha saba, dada ya Bwana Radi anaanguka toka juu. Nikamuomba asikionyeshe. Alicheka, akauliza kama bingwa wa kartie anaogopa televizyo. Christiane ndiye alinilea, mama alipotuacha. Nilienda kwa Papa Firmin mbio.

“Papa, yule dada umubatize jina ingine. Umupe hata yangu.”

Muzee alitazama mlango kwanza.

“Minye niliacha majina, mutoto. Hii sezoni haina ladha, nilichoka nayo siku ya kwanza. Nasema fundi. Nasema dada. Basi.”

“Lakini tunakusikia.”

“Hata minye ninajisikia,” alinong'ona. “Na mikro iko mu magoti yangu.”

Siku ya posho, mbele ya saa tisa, niliingia kwa Christiane. Nikamuambia leo akiitwa asijibu. Aliuliza, pini zikiwa mu meno, kama nimelewa muchana.

“Yaya, nakuomba.”

Alikuwa hajanisikia kuomba tangu utoto. Aliondoa muguu ku machine.

Halafu umeme ukaenda. Kartie nzima. Benchi zilipiga miluzi, bantu wakatoka inje. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Dirishani nilimuona Kassim anakunja waya wa spika ku mukono, ncha yake inaning'inia. Haikushika popote.

Spika ikasema, “Christiane.”

Ilikuwa sauti ya Papa Firmin. Papa Firmin alikuwa amesimama mu njia. Midomo imefungwa. Ananitazama.

Yaya alifungua kinywa. Mazoea tu. Nilimuziba na mukono wa kuume.

“Christiane.”

Pumuzi yake ilikuwa moto mu kiganja changu. Akapigana. Nilikaza.

“Christiane.”

Mukono ulianza kuteleza. Bidole byangu vililowa maji ya baridi, sikujua yanatoka wapi. Nilifikiri atanishinda. Akatulia mara moja, kama kuna mwenye alinisaidia kushika.

Spika haikurudia. Nilihesabu mpaka kumi.

“Merdi.”

Miaka mitatu. Benchi ya mbele. Sauti yangu ilitoka kabla sijafikiri.

“Présent.”

Umeme ulirudi saa kumi na mbili. Kassim aliendelea mpaka kipindi cha mwisho. Bwana Radi anafika ku mlango wazi, anaweka muguu moja ndani, na picha inakatika. Hakufa, hakupona. Benchi zote zilitukana. Minye sikutukana. Tangu siku ile, kila mlango ninapovuka, ule muguu wa kwanza unashikwa na baridi mpaka ku goti, na inakawia kutoka. Kassim anasema sezoni ya tano iko njiani. Minye, mupenzi wa kwanza wa Bwana Radi mu Likasi, kila asubui naomba basiitengeneze.

Christiane muzima. Anashona, ananitukana, anakula. Lakini ku uso wake alama ya kiganja ilibaki, toka shavu moja mpaka lingine. Aliniambia nimemukamata vibaya. Nilileta mukono wangu wa kuume juu yake tupime. Haikulingana. Ile alama ni ya mukono wa kushoto.

Tukahesabu bidole. Bine.

Anapaka poda kila siku kuificha. Poda haishiki, kwani pale hapakauki.