Tairi Linalong'aa

Mimi ni Walburga, Mama Ignatio wa kijiji cha Kitura, huku milimani. Nitasema ukweli mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Kuku akichelewa kurudi bandani, nauliza nani kamla. Nikikuta watu wawili wamenyamaza, najua walikuwa wananisema. Mume wangu Tobias husema ningefaa kuwa polisi.

Tunalima kahawa na mahindi. Maharage tunapanda kwenye ngoro, matuta yanayozunguka mashimo ya kuzuia maji mteremkoni, kama wazazi wetu walivyotufundisha. Lakini chumvi, sabuni na madaftari ya watoto vinaletwa na pikipiki. Tobias ni dereva wa bodaboda kwenye kijiwe cha Njia Panda. Amebeba watu miaka tisa, na hajawahi kumwangusha hata mmoja.

Huku kwetu kuna desturi. Pikipiki ikienda kwenye harusi au kipaimara, lazima tairi zing'ae. Anayezing'arisha ni mke. Tunachukua oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo wengine wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Tunachovya kitambaa, tunasugua tairi lote mpaka liwe jeusi. Tairi likipauka, watu hawasemi dereva ni mvivu. Wanasema, "Huyo hana mke." Basi kwa tairi zile, watu walijua kwamba mimi nipo.

Mwezi wa kumi na mbili kijiji kiliandaa mashindano ya pikipiki. Uwanja wa mpira uligeuzwa uwanja wa mbio. Walifunga kamba kwenye miti, njia ikazunguka uwanja mzima. Madereva wangezunguka mara tano, na zawadi ilikuwa beberu mkubwa. Ijumaa jioni nilipaka tairi za Tobias. Nikaona haitoshi, nikapaka tena.

Jumamosi asubuhi mvua ikanyesha, mvua ya kwanza baada ya wiki tatu. Ilipokatika, uwanja ulikuwa umelowa chapachapa. Watu walikuwa wameshajaa. Norbert, mwenyekiti wa kijiwe, akasema mbio ziendelee.

Hapo ndipo nilipomwona Protasi. Protasi ni jirani yetu, ua wetu ni mmoja. Yeye pia ni dereva, na mwaka uliopita ndiye aliyeshinda. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki ya mume wangu. Akapitisha kidole kwenye tairi. Akakitazama kile kidole, akakinusa, akakifuta kwenye suruali yake. Kisha akamnong'oneza Tobias sikioni. Tobias akacheka, akatikisa kichwa.

Mtu anagusa pikipiki ya mwenzake kwa sababu gani? Na ananusa nini?

Mbio zikaanza. Mzunguko wa kwanza Tobias aliongoza. Wa pili pia. Alipofika kwenye kona nyuma ya goli, akakamata breki akiwa katikati ya kona. Gurudumu la nyuma likaenda pembeni, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Pikipiki ikalala, na Tobias akawa chini yake. Protasi alikuwa nyuma yake. Akaacha mbio, akaruka chini, akaiinua pikipiki peke yake kutoka kwenye mguu wa mume wangu.

Mwingine angemshukuru. Mimi nilijiuliza kwa nini yeye ndiye wa kwanza kufika. Mtu asiye na neno angeendelea kumfukuzia beberu.

Hospitalini walisema mfupa umevunjika chini ya goti. "Kichwa kimesalimika kwa sababu ya helmeti," daktari alituambia. "Na alikuwa ameifunga mkanda. Asingefunga, tungekuwa tunazungumza mengine." Tobias akafungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Miezi miwili bila kazi.

Mama mkwe wangu, Bibi Hildegardi, alikuja nyumbani kutuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mume wako ameangushwa."

"Ameanguka, mama."

"Nimesema ameangushwa. Mtu aendeshe miaka tisa, aje aanguke kwenye majani ya uwanja wa mpira? Kikulacho ki nguoni mwako. Tazama jirani."

Neno lile likaniingia kama mwiba. Ameangushwa. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kijiweni, nikamwambia Norbert yote. Kidole, kunusa, kunong'ona.

"Una uhakika, Mama Ignatio?" Norbert aliuliza.

"Nimeona kwa macho yangu mawili."

"Haya. Tutakaa kikao Jumapili, baada ya misa. Mpaka hapo Protasi apaki pikipiki."

Maneno yakaruka kuliko moto wa nyika. Kufikia jioni Protasi alikuwa ameshaitwa mchawi sokoni na kisimani. Abiria wakamkimbia. Kwenye kikao madereva wangeamua kumfukuza kijiweni, na bodaboda ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne. Niliona pikipiki yake imesimama barazani siku nzima. Nikafurahi. Sifichi, nilifurahi.

Jumatano mke wake, Aurelia, alituletea mbasa aliyekaushwa vizuri, samaki wa ziwani. Ndugu yake alikuwa amemtumia kutoka Mbamba Bay. "Wa mgonjwa huyu," alisema. Aliniwekea mlangoni, akaondoka bila kukaa. Nilimpa mbwa yule samaki, nikakaa kumwangalia mpaka jua likazama. Mbwa alikula, akalamba sahani, akaja kuniomba mwingine.

Pikipiki ya Tobias niliifunika kwa kanga kuukuu. Sikutaka mtu aiguse. Bibi Hildegardi alikuwa amesema kwamba baada ya kikao tutakwenda Chiwanda, kwa mganga anayejua kuonyesha adui. Niliitunza pikipiki ile kama ushahidi.

Ijumaa nikasikia mtu anabisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu."

Alikuwa Veneranda, fundi pikipiki. Ni binti wa hapa hapa, alisomea ufundi Songea. Tobias alikuwa amempigia simu aje kuitazama pikipiki. Mimi sikujua.

"Haiguswi," nikamwambia. "Ila kama utanitafutia kitu kilichofichwa, gusa. Hirizi, unga, chochote. Mtu aliiwekea kitu."

Veneranda hakunicheka. Alifunua kanga, akainama. Alitazama breki, mnyororo, taa. Alipofika kwenye tairi la nyuma akalisogelea zaidi. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akafuta tairi mara moja. Kitambaa kikawa cheusi. Akakinusa.

"Mama Ignatio, uliyosema ni kweli," alisema. "Mume wako ameangushwa."

"Unaona? Niliwaambia."

"Ameangushwa na hiki. Ni oili chafu. Nani aliyepaka?"

Tobias alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu juu ya kiti. Akageuza uso.

"Mimi ndiye niliyepaka," nikasema. "Lakini napaka kila mwaka, na hakuna aliyeanguka."

"Wakati wa kiangazi mtu anaweza kubahatika. Vumbi linanyonya oili kidogo. Lakini oili na maji ni kitu kingine. Niletee ndoo ya maji na sabuni ya unga."

Alimwaga maji kwenye sakafu ya baraza. Kwenye mfuko wake wa vifaa mlikuwa na vipande viwili vya tairi kuukuu. Kimoja akakipaka ile oili yangu, kingine akakisugua kwa sabuni mpaka kikatakata. Akaniambia nivisukume kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Cha oili kiliteleza mpaka ukutani. Cha sabuni kiligoma. Nikakisukuma kwa nguvu, kikasogea kidogo tu, kikagoma tena.

"Tairi linashika barabara kwa sehemu ndogo, kama kiganja chako," alisema Veneranda. "Sehemu hiyo ikiwa na mafuta, dereva hana kitu. Tena oili inaharibu mpira, tairi linapasuka mapema. Sasa lete kiberiti."

Alichukua njiti, akaichomeka kwenye mfereji wa tairi. Kichwa cha njiti kilibaki nje.

"Hii mifereji kazi yake ni kutoa maji. Kichwa cha njiti kikizama chote, tairi bado linafaa. Kikibaki nje hivi, tairi limekwisha. Wewe ulikuwa unampaka rangi marehemu."

Kisha akamgeukia Tobias. "Na wewe, kaka. Breki ulikamata wapi?"

"Kwenye kona."

"Oili ilianza, wewe ukamalizia hapo. Kukilowa, unapunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Breki zote mbili, taratibu. Ukishalala kwenye kona usikamate breki ghafla. Na mvua inapoanza tu ndipo pabaya zaidi. Maji yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, barabara inakuwa mlenda. Bora usimame kwanza, mvua ioshe barabara."

Mimi bado nilikuwa na swali langu. Mtu wa kushuku haachi hivi hivi.

"Sasa Protasi alikuwa ananusa nini?"

Tobias alitazama chini. Akasema polepole, "Aliniambia hivi: tairi lako lina oili, na uwanja umelowa. Lioshe kwa sabuni, nitawaomba wakusubiri. Nikadhani ananitisha ili ashinde yeye."

"Ulijua? Wiki nzima ulijua?"

"Nilijua."

"Na mwenzako anaitwa mchawi, wewe umekaa kwenye benchi?"

"Ningesema nini, Mama Ignatio? Niwaambie watu ni mke wangu aliyenivunja mguu? Ulipaka mpaka giza likaingia. Ulikuwa unaimba."

Nilikasirika, nikataka kumtupia ile ndoo. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu. Nilikaa chini kwenye sakafu ile ile iliyolowa.

Jumapili baada ya misa madereva walikaa Njia Panda. Protasi alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Aurelia alikuja naye. Norbert alipoanza kusoma mashitaka, nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, futa hayo. Aliyemwangusha Tobias ni mimi. Nilipaka tairi oili chafu, mvua ikanyesha. Protasi aligundua, akamwonya mume wangu. Mimi nikamwita mchawi. Mbele yenu wote naomba radhi."

Watu wengine walicheka, wengine waliguna. Norbert alikuna kidevu. "Kumbe hata mke wangu hupaka," alisema. "Na mimi ndiye niliyesema mbio ziendelee na uwanja umelowa. Nina kosa langu."

Protasi alisema, "Nimesikia." Basi. Akawasha pikipiki yake, akaenda kutafuta abiria. Aurelia alinijibu salamu, lakini hakunipa mkono. Nilijua nimestahili.

Siku ile ile kijiwe kilipitisha sheria. Hakuna oili kwenye tairi, hata iwe harusi ya mtoto wa askofu, kama angekuwa naye. Tairi zinaoshwa kwa sabuni. Kila Jumatatu kila mmoja anapimwa tairi zake kwa njiti ya kiberiti mbele ya wenzake. Mvua ikianza, watu wanasimama. Helmeti ya dereva na ya abiria, zote zinafungwa mkanda. Tobias alinunua tairi jipya kabla hajatolewa hogo.

Mwanzoni watu walituzomea. Baada ya Pasaka mvua ilikuwa bado kubwa, na tukaalikwa harusi huko ziwani. Bibi harusi alikuwa mpwa wa Norbert. Mama wa bibi harusi alipoona pikipiki kumi na mbili zenye tairi zilizopauka, alitaka kulia.

"Mtatuaibisha mbele ya wakwe," alisema. "Watasema huku milimani hakuna wanawake."

"Watasema tumefika," Norbert alimjibu.

Akaanza kugawa abiria. Tobias alikuwa amepona, akapewa kumbeba bibi harusi. Wengine wakapangwa. Nikabaki mimi, na pikipiki iliyobaki ilikuwa ya Protasi. Watu wote wakatutazama. Tangu kikao kile tulikuwa tunasalimiana tu juu ya ua. Protasi alinipa helmeti, akangoja nifunge mkanda. Nikapanda.

Tulipoanza kushuka, lile ziwa likiwa chini kabisa, mvua ikaja. Norbert aliyekuwa mbele akanyoosha mkono, pikipiki zote zikasimama. Tulikaa chini ya paa la duka karibu nusu saa, tukatazama maji machafu yakiteremka barabarani. Maji yalipokuwa safi tukaondoka, kila mmoja mbali na mwenzake.

Kona za pale ni kali. Kwenye ile ya kwanza nilifumba macho, nikamkumbatia Protasi kwa mikono yote miwili. Nilisikia akipunguza mwendo mapema, kabla hatujafika. Tairi lilishika. Kona ya pili likashika. Ya tatu nikafumbua jicho moja.

"Mama Ignatio," Protasi alisema bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tangu mwezi wa kumi na mbili. "Unanibana mbavu. Legeza kidogo nipumue."

"Wewe endesha tu," nikamwambia, lakini nikalegeza.